Fremu ndiyo gari: Ya kuzingatia kabla ya kununua chesi ya gari la spoti la kujiundia

USIPOZIBA ufa, walinena wahenga, utajenga ukuta. Kwa mtu anayejiundia gari la spoti katika banda la nyumbani kwake, ufa huo aghalabu huanzia mahali pamoja: kwenye fremu, au chesi kama wengi wanavyoiita.

Injini ikichoka hung'olewa ikatiwa nyingine. Giaboksi hubadilishwa kwa siku moja, viti hushonwa upya, na rangi hupakwa kila mwenye gari apendapo. Fremu haina simile hiyo. Kila kitu hufungwa juu yake, na siku itakapogunduliwa kuwa imepinda, ni nyembamba mno au haikubaliki kisheria, mwenye gari hulazimika kufungua bolti zote alizozifunga kwa miaka miwili au mitatu na kuanza tena. Mbaya zaidi ni pale kasoro inapojitokeza barabarani, gari likiwa katika kasi, kwa kuwa mikono inayoshikilia magurudumu imefungwa kwenye fremu hiyo hiyo.

Ni kwa sababu hii wajuzi wa magari ya kujiundia husisitiza kuwa uamuzi wa kununua fremu iliyo tayari ndio uamuzi mkuu kuliko yote. Hata hivyo, wanunuzi wengi huufanya kwa kutazama bei na mng'aro wa rangi.

CHIMBUKO LA MAGARI YA KUJIUNDIA

Utamaduni huu ulishika mizizi zaidi nchini Uingereza, na sababu yake ilikuwa kodi. Mnamo 1957 kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na mhandisi Colin Chapman, ilizindua gari dogo la viti viwili lililoitwa Seven. Lilikuwa na fremu ya mabomba membamba ya chuma, mabamba ya alumini yaliyofunika mabomba hayo, na uzani wa takriban kilo 500 tu. Gari zima liliuzwa pauni 1,036 pamoja na kodi ya ununuzi. Aliyekubali kulipokea likiwa vipande akajiunganishia mwenyewe alilipa pauni 536, kwa kuwa vipande havikutozwa kodi hiyo.

Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza vipande hivyo kuuzwa pamoja na maelekezo ya kuviunganisha. Kwa hivyo mnunuzi alipewa maelekezo ya kulivunjavunja gari, naye akayafuata kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Ahueni ya kodi ilikoma mwaka 1973 Uingereza ilipoanzisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT. Mwaka huo huo, kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuunda Seven, na hadi leo ingali ikiliuza, likiwa kamili au likiwa vipande.

Mnamo 1996 Ron Champion alitoa kitabu kupitia shirika la Haynes kilichomwonyesha msomaji jinsi ya kujiundia gari la aina hiyo kwa gharama ndogo ya hata pauni 250. Michoro yake ilitumia mabomba ya chuma ya mraba yenye upana wa inchi moja, yaani milimita 25, na vipuri kutoka gari kuukuu la Ford Escort. Magari yaliyotokana na kitabu hicho yaliitwa Locost, jina linalocheza na neno Lotus na maneno ya Kiingereza yenye maana ya gharama ya chini.

Haukupita muda kabla ya wenye karakana kutambua kwamba wengi waliokisoma walitamani gari lakini hawakujua kuchomelea. Ndipo biashara ya kuuza fremu zilizokwisha kuundwa ilipostawi.

KWA NINI FREMU ILIYO TAYARI

Anayenunua fremu iliyo tayari hununua vitu vitatu kwa pamoja: kazi ya mchomeleaji stadi, usahihi wa vipimo, na miezi kadhaa ya muda wake mwenyewe.

Katika hivyo, usahihi ndio ulio adimu zaidi nyumbani. Chuma kikichomelewa hupata joto, na kinapopoa hunywea na kuvuta vyuma jirani. Mtu asiyekuwa na vifaa huanza na fremu iliyonyooka na kumaliza na iliyopinda kama ndizi, asijue hadi siku ya kufunga magurudumu. Karakana inayounda fremu nyingi za aina moja huzichomelea zikiwa zimebanwa kwenye meza nzito ya chuma yenye vishikizo maalum, hivi kwamba kila bomba halina budi kukaa mahali pake hadi lipoe.

Kila mwamba ngoma, hata hivyo, ngozi huivutia kwake. Hakuna muuzaji atakayekiri kwamba fremu yake ni duni. Ni jukumu la mnunuzi kujua anachokitafuta kabla ya kufungua pochi.

AINA ZA FREMU

Fremu iliyo rahisi kufahamika ni ile ya ngazi. Ina nguzo mbili ndefu zinazokwenda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, zikiunganishwa na vyuma vya kukingama. Wakenya huiona kila siku: lori na mabasi mengi yanayoundiwa mabodi humu nchini hujengwa juu ya chesi ya namna hii. Upande wa magari ya spoti, Cobra ya mwaka 1962, iliyotokana na gari la Kiingereza la AC Ace, ilisimama juu ya mabomba mawili makubwa yaliyopangwa hivyo, na kampuni nyingi zinazouza nakala zake zingali zikifuata mpango huo au mfano wake. Fremu ya ngazi ni rahisi kuunda na kukarabati, na haizuii mlango kufunguka. Udhaifu wake ni kwamba hukubali kupotoka kama kitambaa kinachokamuliwa, isipokuwa ikiongezewa vyuma vingi ambavyo huongeza uzani.

Ya pili ni fremu ya uti wa mgongo. Hapa sanduku moja refu la chuma hupita katikati ya gari, katikati ya viti, na kutanuka mbele na nyuma kushika magurudumu. Lotus Elan, iliyozinduliwa 1962, ndiyo mfano mashuhuri. Sanduku hilo hukaza sana kwa uzani mdogo, lakini halimkingi abiria ubavuni. Ulinzi huo huachiwa bodi lenyewe, ambalo aghalabu ni la faibaglasi.

Ya tatu, inayotumika zaidi katika magari ya jamii ya Seven, ni fremu ya mabomba mengi membamba yaliyopangwa kwa pembetatu. Kanuni yake inajulikana na kila fundi wa paa. Miti minne ikipigiliwa misumari kuwa mraba, husukumwa ikalala upande. Ukiongeza mti wa tano kutoka pembe hadi pembe, mraba hausukumiki tena. Hivyo ndivyo kenchi hubeba paa zito kwa mbao nyembamba. Katika fremu iliyopangwa vyema, kila bomba huvutwa au hukandamizwa kwa urefu wake, na halipindwi katikati.

Lakini pembetatu zina gharama. Mercedes-Benz ilipotengeneza gari la 300 SL la mwaka 1954 kwa mpango huu, mabomba ya ubavuni yalipanda juu kiasi cha kutoacha nafasi ya mlango wa kawaida. Ndiyo sababu milango ya gari hilo hufunguka kuelekea juu mithili ya mbawa. Magari ya mfano wa Seven hukwepa tatizo hilo kwa njia nyepesi: dereva huruka ubavu na kushukia kwenye kiti.

Ipo pia njia ya kutumia sakafu ya gari jingine. Bruce Meyers wa California alianza kuunda gari la ufukweni liitwalo Meyers Manx mnamo 1964, na lililouzwa kwa wingi lilitumia sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa kwa takriban sentimita 36. Mnunuzi wa sakafu ya namna hii hununua pia kutu yote iliyojificha humo, pamoja na ustadi au uzembe wa aliyeikata na kuiunga.

Ama fremu za alumini zilizogundishwa kwa gundi maalum, kama ya Lotus Elise ya mwaka 1996, hizo ni kazi ya kiwanda. Haifai kuzitoboa ovyo wala kuzichomelea nyumbani, na zikigongwa vibaya ni vigumu kuzikarabati. Kwa anayejiundia, chuma cha kawaida kingali na faida kubwa: hupatikana kila mahali, huchomeleka kwa urahisi, na mara nyingi hupinda kabla ya kukatika.

GARI LA VIPURI HUAMUA FREMU

Kosa linalojirudia ni kununua fremu kwanza kisha kuanza kutafuta gari kuukuu la kutolewa vipuri. Mambo ni kinyume. Fremu haina vishikizo vya kila ekseli wala kila injini. Imechomelewa kwa ajili ya gari fulani, na wakati mwingine kwa ajili ya toleo moja tu la gari hilo.

Ford Escort iliyotajwa katika kitabu cha Champion ni ile ya matoleo mawili ya kwanza, iliyozungusha magurudumu ya nyuma kwa ekseli moja nzima. Wapenzi wa Safari Rally wanaikumbuka: ilishinda mbio hizo mwaka 1972 ikiendeshwa na Hannu Mikkola, na tena 1977 ikiendeshwa na Björn Waldegård. Umaarufu huo ndio uliogeuka kikwazo. Magari hayo sasa hutafutwa na wakusanyaji wa magari ya kale, na kulichinja moja ili kupata ekseli yake hakuna maana kiuchumi. Toleo la tatu, lililotoka 1980, lilihamishia nguvu kwenye magurudumu ya mbele, na hivyo vipuri vyake haviingiani na mpango huo.

Kwa sababu hiyo Haynes ilichapisha mnamo 2007 kitabu kingine, kilichoandikwa na Chris Gibbs, chenye fremu pana zaidi inayotumia vipuri vya Ford Sierra. Sierra, iliyoundwa kuanzia 1982 hadi 1993, ilikuwa na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja hupanda na kushuka peke yake. Nayo pia imeanza kuadimika. Fremu nyingi mpya, ikiwemo ya gari liitwalo Exocet, zimeelekea kwenye Mazda MX-5, gari lililozinduliwa 1989 likiwa na nguvu nyuma na mikono miwili ya kushikilia kila gurudumu, mmoja juu na mwingine chini.

Funzo ni wazi. Fremu ya bei nafuu inayodai ekseli ya gari lililotoweka sokoni si nafuu hata kidogo. Kabla ya kununua, ni heri mtu apate orodha kamili ya vipuri vinavyohitajika, kisha aulizie kila kimoja: ekseli, difu, shafti, usukani, kitovu cha gurudumu, breki. Kile kinachopatikana kwa shida leo kitapatikana kwa shida zaidi kitakapochakaa.

Injini nayo ina masharti yake. Iliyo ndefu hugusa kifuniko cha mbele, na iliyo pana hugongana na bomba la fremu mahali ambapo paipu za moshi zinapaswa kutokea. Anayevutiwa na injini ya pikipiki kwa wepesi wake akumbuke kwamba pikipiki nyingi hazina gia ya kurudi nyuma, na fremu lazima iwe na nafasi ya kifaa cha kufidia upungufu huo.

KIPIMO CHA MWILI

Seven ya awali ni gari jembamba. Mtu mrefu au mpana hukaa humo kama aliyevaa koti la mdogo wake: magoti hugusa usukani, na viatu hukanyaga kanyagio mbili kwa mpigo. Hilo la mwisho ni hatari, kwani mguu unaotafuta breki unaweza kukanyaga pia mafuta.

Caterham yenyewe ilikiri haja hiyo mnamo 2000 ilipoleta toleo la SV, lililo pana kwa takriban sentimita 11 kuliko la kawaida. Miongoni mwa wanaojiundia huzungumzwa pia fremu za 442, nambari ambazo ni inchi zilizoongezwa kwenye michoro ya kitabu: 4 kwa urefu, 4 kwa upana na 2 kwa kimo.

Kukaa ndani ya fremu tupu ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea ni jaribio lisilogharimu chochote. Muuzaji anayeaminika humruhusu mteja kufanya hivyo, na bora zaidi humkalisha katika gari lililokamilika. Ijulikane pia kwamba fremu iliyopanuliwa hutaka mabamba ya alumini, kioo cha mbele na kifuniko cha injini vilivyopanuliwa vivyo hivyo. Asiyeuliza hilo mapema huishia kununua bodi lisilofunika fremu yake.

UKAKAMAVU NA MAANA YAKE

Matangazo mengi hutaja kwamba fremu fulani ni 'ngumu' kuliko nyingine. Neno hilo halina maana bila kipimo. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara.

Upande wa nyuma wa fremu hufungwa kabisa usisogee, na upande wa mbele huwekwa juu ya egemeo moja katikati. Kisha ufito mgumu hufungwa kukingama mbele, na uzani wa kilo 50 kuning'inizwa mita moja kutoka katikati. Nguvu hiyo ya kupotoa ni takriban nyutoni mita 490. Iwapo mbele ya fremu itapotoka kwa robo ya digrii, ncha ya ufito itashuka kwa zaidi kidogo ya milimita 4, na ukakamavu wa fremu ni karibu nyutoni mita 2,000 kwa digrii. Ikipotoka digrii nzima, ncha itashuka milimita 17, na ukakamavu ni robo tu ya huo.

Umuhimu wake ni upi? Springi na shokamzoba hufanya kazi kwa kudhania kwamba mahali zilipofungwa hapasogei. Fremu inayopotoka hugeuka kuwa springi ya tano, ambayo haina shokamzoba ya kuituliza. Dereva hubadilisha springi, hurekebisha pembe za magurudumu na kununua matairi ghali, ilhali gari bado linayumba konani kwa namna asiyoweza kuitabiri.

Sehemu dhaifu zinajulikana. Ya kwanza ni nafasi ya injini, ambayo lazima iwe wazi juu ili injini iingie na kutoka. Ya pili ni uwazi wa viti. Mnunuzi atazame jinsi mbunifu alivyozishughulikia: je, pana bomba la mshazari linalofungwa kwa bolti juu ya injini? Je, handaki la kati linalopitisha shafti limepangwa kwa pembetatu, au ni miraba mitupu? Mraba mtupu mahali ambapo pembetatu ingeweza kukaa ni swali la kumuuliza muuzaji. Mabamba ya alumini yaliyogundishwa na kupigwa ribiti husaidia kukaza, lakini hayapaswi kuwa tegemeo la pekee.

JICHO LA MKAGUZI

Fremu ikaguliwe kabla haijapakwa rangi. Rangi nzito ya unga inayookwa hupendeza, lakini huficha maungo mabaya. Chuma kitupu hakidanganyi.

Uchomeleaji mzuri una mawimbi madogo yanayolingana, umeyeyusha vyuma vyote viwili, na umezunguka ungo lote. Uchomeleaji mbaya hukaa juu ya chuma kama nta iliyodondokea mezani, una vitundu, au umekula ukingo wa bomba na kuufanya mwembamba. Maungo yaliyosagwa hadi kuwa laini yatiliwe shaka, kwani kusaga huondoa chuma kilichobeba mzigo. Penye wasiwasi, rangi ya kupenya kwenye nyufa inayouzwa madukani ya vifaa vya uhandisi huonyesha ufa usioonekana kwa macho.

Baada ya macho, futi ya kupimia. Umbali kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia ulingane na ule wa pembe nyingine mbili. Vishikizo vya mikono ya magurudumu vipimwe kutoka mstari wa katikati, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili huweza kurekebishwa kwa skrubu za marekebisho. Tofauti ya sentimita hairekebishiki. Bolti halisi zipitishwe katika vishikizo: zikiingia kwa mkono, mashimo yamelingana, zikidai nyundo, hayakulingana.

Mwisho huja adui wa kimyakimya, kutu. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, husababisha ulikaji, hivyo pawepo rangi au gundi katikati yavyo. Mabomba yaliyotobolewa kwa ajili ya ribiti huruhusu maji kuingia na kukaa. Fremu nzuri huzibwa au huwekewa njia ya kutolea maji.

MRADI ULIOTELEKEZWA

Wengi huvutiwa na fremu za mtumba, hasa miradi iliyoachwa njiani na wamiliki waliochoka. Bei huwa ya kushawishi, na pengine vipuri vingi huambatana nayo. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mauzo ya namna hii hufaa pale tu ambapo jina la karakana iliyounda fremu linajulikana, michoro ipo, na stakabadhi zote hukabidhiwa. Fremu isiyojulikana ilikotoka haina wa kumuuliza vipimo, wala wa kumnunulia kishikizo kilichovunjika. Pia ni busara kuuliza bila haya kwa nini mwenyewe aliiacha. Wapo walioishiwa na fedha au nafasi. Wapo pia waliogundua jambo ambalo mnunuzi atalazimika kuligundua upya kwa gharama yake.

SHERIA HAINA HURUMA

Nchini Uingereza, gari la kujiundia haliruhusiwi barabarani kabla ya kupita ukaguzi wa gari mojamoja uitwao IVA, uliochukua nafasi ya ule wa awali wa SVA mwaka 2009. Wakaguzi hutazama breki, usukani, taa, moshi, kelele na mahali mikanda ya usalama inapofungwa. Hata kingo za nje hupimwa: zile ambazo mtu anaweza kuzigusa hutakiwa kuviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5.

Mengi katika hayo huamuliwa siku fremu inaponunuliwa. Fremu isiyokuwa na vishikizo madhubuti vya mikanda, au inayolazimisha mhimili wa usukani kumwelekea dereva kifuani kama mkuki, haitasaidiwa na rangi wala viti vya ngozi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji liwe: ni magari mangapi yaliyojengwa juu ya fremu hii yamepita ukaguzi, na yako wapi niyaone?

Usajili nao hutegemea karatasi. Fremu mpya kutoka kwa muundaji maalum, pamoja na vipuri vikuu kutoka gari moja linalojulikana, huweza kupata nambari inayolingana na umri wa gari hilo. Pale ambapo asili au umri wa vipuri hauwezi kuthibitishwa, gari hupewa nambari inayoanza na herufi Q, ambayo humweleza kila anayeiona kwamba umri wake haujulikani. Stakabadhi ya fremu na nambari iliyogongwa kwenye chuma chake ni mali sawa na chuma chenyewe.

HALI YA HUMU NCHINI

Hamu ya kujiundia magari haiko Ulaya pekee. Tangu 1989 mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanzishwa kuchangisha fedha za kujenga ua wa Aberdare, yamewavutia mafundi wanaounda magari maalum ya nyikani, mengi yakiwa na fremu za mabomba. Mbio za autokrosi nazo huwa na magari mepesi ya mabomba. Elimu ya pembetatu, uchomeleaji na vipimo ni ile ile.

Lakini uwanja wa mashindano si barabara ya umma. Anayetamani gari la namna hii barabarani aulize masharti ya usajili kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, kabla ya kuagiza hata bolti moja. Tena fremu ya Seven hukaa karibu sana na ardhi. Iliyobuniwa kwa barabara laini za Uingereza itagonga kila tuta la Nairobi kwa tumbo lake.

Kwa jumla, mpangilio wa maamuzi ndio unaookoa fedha na maisha. Kwanza gari litatumika wapi, na litasajiliwa vipi. Pili nani atalikalia. Tatu ni gari gani la vipuri linalopatikana leo na litakalopatikana miaka kumi ijayo. Nne, injini gani. Majibu hayo manne yakishaandikwa kwenye karatasi, fremu zinazofaa hubaki mbili au tatu, na hapo ndipo bei inaporuhusiwa kuzungumza. Muuzaji anayekubali fremu yake ipimwe kwa futi mbele yake, ikiwa haijapakwa rangi, ameshajibu nusu ya maswali kabla hayajaulizwa.